Furaha 'ghaya' na ukoko wa Malindi

Mwezi Februari nilikuwa nyumbani Malindi kwa mapumziko mafupi. Alasiri moja nimekaa barazani, mjukuu wangu wa Gredi ya Tano akanijia na daftari mkononi. "Babu, weye si profesa wa Kiswahili?" Swali linaloanza hivyo, msomaji wangu, halijawahi kuniletea amani. Nikamwambia kaa kitako, lete hiyo kesi.

Kesi ilikuwa insha. Mada: "Siku niliyofurahi sana". Mwalimu wake, ambaye bado anasahihisha kwa alama 40 kana kwamba KCPE haikuzikwa mwaka 2023, alimpa 16. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: "Furaha haionekani. Pamba lugha." Nikaisoma. Mtoto hakwenda harusini, hakununuliwa baiskeli wala hakuwa wa kwanza darasani. Alitoka chuoni siku ya Jumamosi, njaa imembana, akamkuta bibi yake (ndiye mke wangu huyo, na wali wake wa nazi sijauonea mpinzani) akipakua. Akaandika hivi:

"Bibi alikwangua sufuria akanipa ukoko. Ulikuwa bado wa moto. Nikakaa mlangoni, upepo wa bahari ukanipiga miguuni. Nikala polepole ili usiishe."

Nimesahihisha insha kwa zaidi ya miaka thelathini, za shule na za chuo kikuu, na sikumbuki sentensi nne zilizonitia njaa kama hizi. Neno furaha halimo. Hamna tashbihi wala methali. Kuna kitenzi "kukwangua", ambacho mtu akikisoma husikia na mwiko ukigonga sufuria. Kuna upepo uliotajwa pamoja na mahali unapopiga, miguuni, kwa sababu mtoto aliyeketi kizingitini miguu yake iko nje. Halafu kuna yale maneno mawili ya mwisho: "ili usiishe". Ukoko utakwisha, hilo analijua. Anachoweza ni kuuchelewesha tu. Mwalimu anasema furaha haionekani. Mwalimu, imeketi hapo mlangoni inatafuna!

Kabla sijamrukia mwalimu wa watu, nina la kuungama. Katika miaka ya 1990 nilikuwa nikialikwa kwenye semina za walimu kuzungumzia uandishi wa insha. Nilikuwa nikibeba karatasi zilizopigwa chapa, nimezipanga kwa vichwa: maneno ya kuelezea huzuni, maneno ya kuelezea hasira, maneno ya kuelezea furaha. Chini ya furaha niliandika: nilifurahi ghaya ya kufurahi, furaha riboribo, furaha isiyo na kifani, nilijawa na bashasha, walitupokea kwa hoihoi, vifijo na nderemo, nilirukaruka kama mwanambuzi. Walimu waliinakili karatasi ile kwa bidii, na waliokosa waliomba ya wenzao. Miaka mingi baadaye nikaanza kukutana nayo kwenye vijitabu vya marudio, bila jina langu, nikawa nashukuru kimoyomoyo kuwa jina halipo. Sasa imemfikia mtoto wa mtoto wangu, naye ameadhibiwa kwa kutoijua.

Si kwamba maneno yale ni mabaya. Ni maneno mazuri yanayoitwa kazini pasipo na kazi. Hebu tulichukue hilo "ghaya". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni upeo, kikomo, mwisho wa jambo. Mwanafunzi aliyefurahi ghaya siku ya Jumatatu kwa kununuliwa kalamu, Ijumaa mamake akirejea salama kutoka kazini Ghuba baada ya miaka minne, atafurahi vipi? Kikomo ameshakipita tangu Jumatatu. Nazo hoihoi na nderemo ni sauti za umati, za harusi na za timu iliyorudi na kombe. Ukizipeleka kwa mtoto mmoja anayekula ukoko mlangoni, umemwitia wageni asiowataka, tena watammalizia ukoko wake.

Wenzetu wa mbali wamelikabili jambo hili kwa njia zao. Takribani mwaka 1000, mwanamke wa kasri ya Japani aitwaye Sei Shōnagon aliandika orodha za vitu vinavyoupendeza moyo na vinavyoukera, na watu wanazisoma hadi leo. Karibu nasi zaidi, mwaka 2008 Mkanada Neil Pasricha alianza kuorodhesha mambo 1000 madogo yanayomfanya mtu ajisikie vizuri, na kazi hiyo ikaja kuwa kitabu kilichouzwa sana. Sina ugomvi na orodha hizo. Ila naona kwamba Kiswahili kilikuwa tayari kimefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ndani ya msamiati wenyewe, nasi tumeifunika kwa mapambo.

Raha, kwa mfano, kiini chake katika Kiarabu ni kupumzika. Starehe ni ndugu yake wa mzizi mmoja, ndiyo maana anayesema "raha mustarehe" analirudia neno lilelile mara mbili bila kujua. Hapa kwetu, ukiingia mahali ukakuta watu wanataka kuinuka ili wakupe mkono, huwawahi kwa kusema, "Starehe, starehe!" Maana yake kaeni mlivyo, msijisumbue kwa ajili yangu. Katika matumizi hayo starehe si klabu ya usiku wala chupa ya bei ghali. Ni ruhusa anayompa mtu mwenziwe ya kutoinuka. Nimejaribu mara kadhaa kuitafsiri kwa wanafunzi wa kigeni nikashindwa, nikaishia kuwaonyesha kwa vitendo, mmoja akiingia na kutoka darasani hadi wenzake wakacheka.

Burudani nayo imetoka kwenye mzizi uliotupa neno baridi. Kuburudika, kwa asili yake, ni kupoa. Sidhani kama neno hili linaweza kuonjwa sawasawa na mtu anayelisoma amejifunika blanketi kule Limuru. Lisome Malindi mwezi huohuo wa Februari, kaskazi imelegea, mabati yanalia kwa joto, shati limeganda mgongoni, halafu mtu akukatie dafu. Tena si nazi yoyote tu. Watu wa Pwani wameupa mnazi jina kwa kila umri wa tunda lake: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi, na nazi ikichipua, ndani yake mna joya, lile sifongo tamu ambalo watoto hupigania. Dafu ni kituo kimoja tu katika safari hiyo, pale maji ni mengi na nyama yake inakwanguka kwa kijiko. Ukilichelewa linakuwa koroma, na koroma si la kunywa wala si la kukuna. Watu waliobuni maneno yote hayo walikuwa wakiufuatilia utamu kwa makini kama mhasibu anavyofuatilia shilingi. Na vijana wetu wanaojibu "Poa!" ukiwauliza mambo vipi, ambao wazee wa lugha tumezoea kuwakemea, wamo katika mkondo uleule. Wamesema wamepoa. Mababu zao walisema wameburudika.

Hata hivyo linalonishangaza zaidi ni anasa. Leo ni neno la magari makubwa na la mawaidha. Tunaonywa tujihadhari na anasa za dunia. Lakini mzizi wake wa Kiarabu unahusu kuzoeana, kuliwazana, mtu kumwondolea mwenziwe upweke. Kwa maana hiyo, wale wazee wanaokutana kila jioni kwenye kahawa, kikombe kidogo cha kahawa tungu na kipande cha kashata, ndio watu wa anasa hasa, ingawa kanzu zao zimechakaa kolani. Nilimuuliza mmoja wao, mvuvi aliyeacha bahari kwa sababu ya magoti, kwa nini asinywe kahawa kwake akapumzisha miguu. Akaniangalia kama aliyetukanwa. "Kahawa n'nayo nyumbani," akasema. "Watu ndio sina."

Hapa ndipo uchambuzi huu wa maneno unapogusa maisha ya watu. Nimeishi bara zaidi ya nusu ya umri wangu, na sentensi moja nimeisikia katika ofisi, matatu na hata mikutano ya wahadhiri: "Watu wa Pwani wanapenda raha." Husemwa kwa tabasamu, lakini maana yake ni kwamba hawafanyi kazi. Anayesema hivyo ameichukua raha ya matangazo ya biashara akambandika nayo mtu anayepumzika. Mama anayeuza mahamri na mbaazi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa akikanda unga usiku wa manane. Mvuvi uliyemkuta amelala chini ya mkungu saa nne alitweka tanga gizani, umande ukivuma kutoka nchi kavu, akarudi upepo wa bahari ulipogeuka. Wewe umefika wakati amemaliza. Neno lenyewe lingekwambia hivyo laiti ungeliuliza, kwani mapumziko yanadai kuwe na uchovu kwanza.

Wala nisieleweke kuwa naupamba umaskini. Kaunti hii ya Kilifi ina Ganze na Magarini, ambako mvua ikikosa watu hulala njaa, na hakuna upepo wa bahari unaoshibisha. Mtu asije akanichukua shahidi wa hoja kwamba mwenye dafu hahitaji zahanati.

Je, fasihi yetu imetusaidia kuzitaja raha hizi? Jibu langu limegawanyika. Upande mmoja tuna utenzi wa Al-Inkishafi, ambao Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliutunga yapata miaka mia mbili iliyopita akiyatazama magofu ya Pate. Anauhoji moyo wake, anautembeza katika majumba yaliyokuwa na taa, vitanda vya fahari na vidaka vilivyopangwa vyombo vya kauri, ambayo sasa ni makao ya popo. Anavitaja vitu hivyo ili atuonye tusivitegemee. Nami nakiri kwamba kila nikiusoma nausoma kombo kidogo: maonyo nayaheshimu, lakini kinachonishika ni jinsi anavyovijua vile vitu. Mtu asiyevipenda asingevikumbuka kwa utaratibu ule. Wengi waliomfuata walirithi onyo wakaacha jicho, ndipo tukajaaliwa tenzi zinazoikemea dunia bila kutuonyesha hata sahani moja ya dunia hiyo.

Magofu ya kwetu yanasema jambo jingine. Ukienda Gede, mwendo mfupi kutoka Watamu, utakuta nyumba zimepewa majina ya ajabu: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Waliochimbua mji huo, wakiongozwa na James Kirkman aliyeanza kazi mwaka 1948, walizitambulisha nyumba kwa vitu walivyokuta ndani yake. Majina ya wenye nyumba yamepotea, mkasi umebaki. Huwapeleka wanafunzi wangu wa uandishi huko wakati bajeti inaruhusu, niwaambie wasiandike neno "utajiri" hata mara moja, waandike kuhusu mkasi. Wengi hurudi na insha kuhusu utajiri. Wachache huandika kuhusu mkono uliokuwa ukiushika.

Upande wa pili tunaye Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takribani kati ya 1776 na 1840. Wachambuzi wamezoea kusema kwamba aliutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Mohamed Abdulaziz alipochapisha kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979, alituwekea pamoja mtunzi wa siasa kali za Mvita dhidi ya Sayyid Said na mtunzi wa mapenzi, mafumbo na mambo ya nyumbani, na ni mtu yuleyule. Muyaka hakungoja sherehe ili atunge. Kwake la nyumbani lilitosha kuwa shairi, na hakulipandishia sauti ili lionekane kubwa. Huyo ndiye babu wa kifasihi wa mjukuu wangu, si mimi na karatasi zangu.

Nina lawama pia kwa magazeti yetu, na kwa kuwa safu hii imo gazetini, lawama hiyo naila na mimi. Kila Desemba tunasoma kwamba maelfu wamefurika Pwani "kujivinjari". Kuvinjari lilikuwa neno la chombo cha baharini kinachozunguka huku na huku kikichunguza na kufanya doria. Lugha hubadilika, sipingi. Na nikimtazama mgeni anavyozunguka Malindi mara nne akitafuta mahali pa kuegesha gari, naona labda neno limerudi kwao. Ninachopinga ni kwamba katika taarifa hizo wanaojivinjari ni wageni daima, na wenyeji hujitokeza katika aya ya mwisho wakiuza madafu. Mji wetu umezoeshwa kuiona raha kama bidhaa ya mgeni. Waitaliano wamekuwa wakija Malindi tangu miaka ya 1960, wengine wakahamia kabisa, na wapo watoto wanaojua kusema "Ciao!" kabla ya kujua kujibu "Shikamoo". Siwachukii Waitaliano, aiskrimu yao naila. Lakini mtoto akilelewa akiona kwamba raha ni ile iliyo nyuma ya ukuta wa hoteli, atakosa neno la kuiita ile aliyoketi nayo mlangoni kwao. Kisha anakwenda shule, na shule inamthibitishia: hiyo ya mlangoni haionekani, inastahili 16 kwa 40.

Ningekuwa mwalimu wake ningempa ngapi? Mke wangu aliniuliza hivyo, naye ana maslahi katika kesi hii. Nilisema 34. Ningemkata kwa tahajia, maana "ukanipiga" aliandika "ukanibiga", nimemsahihishia hapo juu. Na ningemwambia arefushe kidogo pale anapotoka chuoni, tuione njaa ikitembea naye. Sehemu ya ukoko nisingeigusa. Nilimwambia na yeye hivyohivyo. Akanisikiliza kwa adabu, akachukua daftari lake akaenda.

Siku chache baadaye, kabla sijapanda basi kurudi Nairobi, akaniletea insha aliyoirudia kwa amri ya mwalimu. Safari hii alikuwa amepata 33. Niliisoma mbele yake, nimesimama, mkoba begani. Siku hiyo alifurahi ghaya ya kufurahi. Alijawa na bashasha, akarukaruka kama mwanambuzi. Walikwenda harusini Kilifi, wakavuka daraja, wakapokelewa kwa hoihoi, vifijo na nderemo. Ukoko ulikuwa umeondolewa, na mahali pake paliwekwa keki ya ghorofa tatu.

"Harusi ya nani hii?" nikamuuliza.

"Hakuna harusi, babu. Ni insha."

Nikamuuliza ile ya kwanza iko wapi. Kumbe alishaichana daftarini akafungia mabuyu. Nilimwomba anipe, akayamwaga mabuyu mfukoni mwake, akanipa karatasi. Ninayo hapa mezani nikiandika haya, imekunjika, ina doa jekundu la mabuyu pembeni, karibu na ile 16.